Ubavu wa Tisa

Jalada lilikuwa na kurasa kumi na moja, na zote zilimwelekea mtu mmoja.

Marehemu alikuwa mwalimu wa udereva mstaafu, miaka sitini na nane, aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Aliishi na binti yake wa pekee na mume wa binti huyo. Mtaani walimwita Mzee Breki, kwa kuwa kwa miaka thelathini na mbili alilitamka neno hilo mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, jirani alimwona mkwe huyo akimkamata mzee kifuani sebuleni na kumsukuma. Saa tatu na dakika kumi mkwe huyohuyo alimfikisha hospitali, akiendesha pikapu bila viatu miguuni. Saa tatu na dakika arobaini mzee akapigwa picha za CT za tumbo. Kabla ya saa sita moyo wake ulisimama juu ya meza ya upasuaji. Cheti kilisema: kuvuja damu tumboni kutokana na kupasuka kwa bandama. Jirani alikuwa ameshapiga simu polisi.

"Sioni tunachotafuta, afande," koplo alisema. "Shahidi yupo, cheti kipo, na mwenyewe amekubali kwamba alimsukuma."

"Jalada linaondoka saa ngapi kwenda kwa mwendesha mashtaka?"

"Saa tisa."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa Jumatano, saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini kasoro, mwenye tabia ya kusoma jalada kuanzia ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho wa jalada hili ulikuwa orodha ya vitu vilivyokutwa mwilini: saa ya mkono, kitambaa, miwani, na chupa ya dawa ya kuchua iliyotumika zaidi ya nusu. Uliotangulia ulikuwa ripoti ya picha za CT. Ilikuwa na mistari mitatu.

"Aliyeandika hii alikuwa na haraka."

"Mgonjwa alikuwa anakufa, afande."

"Ndiyo. Sasa ameshakufa, haraka imekwisha. Nitaomba wazisome tena. Lakini kwanza niletee huyo mkwe."

Mkwe alikuwa fundi wa mafriji, mpana wa mabega, na alikuwa amevaa kandambili alizoazimwa na askari wa zamu. Aliketi bila kuegemea kiti.

"Mke wangu amekula?" aliuliza kabla ya kuulizwa.

"Sijui. Jana asubuhi mlikuwa mnagombania nini na baba mkwe wako?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo gani?"

"Ya nyumbani, afande. Nilimsukuma, nimeshasema. Andika hivyo."

"Ulimpiga?"

"Sijawahi kumpiga."

"Ulimsukuma akaangukia wapi?"

"Kwenye kochi. Mkono wa kochi, ule wa mbao."

"Akaangukia upande upi?"

"Sikumbuki."

"Onyesha kwa mwili wako."

Alisimama, akafikiri, akajiinamisha kuelekea kulia mpaka nyonga yake ikagusa meza. Kisha akaketi haraka, kama mtu aliyegundua amesema mengi kuliko alivyokusudia. Maswali mengine saba aliyajibu kwa maneno mawili yale yale: ya nyumbani. Inspekta aliandika "kulia" pembeni mwa karatasi, akapiga mstari chini yake.

*

Chumba cha kusomea picha kilikuwa mwisho wa korido ya chini ya hospitali, hakina dirisha, taa zake zimefifishwa na baridi yake ni ya kuvalia sweta. Daktari wa picha alikuwa amevaa sweta mbili. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye miwani mbili: moja usoni, moja kichwani.

"Karibu, afande. Ukiona baridi ujue ni ya mashine, sisi binadamu hakuna anayetujali." Alivuta kiti cha pili. "Nianze na mwenzangu aliyekuwa zamu jana. Amesoma picha hizi kwa dakika nne, na alichokisoma ni sahihi."

"Sijaja kumshtaki."

"Vizuri. Maana mgonjwa wa dharura tunamsoma kwa kufuata kile kitakachomuua kwanza. Unatafuta hewa mahali pasipotakiwa kuwa na hewa, maana yake utumbo umetoboka. Unatafuta damu. Unatazama mshipa mkuu kama umepasuka. Ukishapata jibu unapiga simu chumba cha upasuaji. Huketi kuhesabu mbavu."

"Leo naomba tuhesabu."

Daktari aliwasha kioo cha kati. "Mchukulie mtu kama mkate wa slesi. Mashine inamkata vipande vyembamba bila kisu, na sisi tunapitia slesi moja moja. Huyu ana mia sita na kumi na nne. Tunamtazama kutokea miguuni, kwa hiyo kushoto kwake kuko kulia kwako. Usichanganye, wengi wanachanganya."

Alizungusha gurudumu kwa kidole na mwili wa mzee ukaanza kupita: mapafu meusi, kisha ini kubwa la kijivu, kisha, upande wa pili, kitu chenye ukubwa wa ngumi kilichojibanza chini ya mbavu.

"Bandama," alisema daktari. "Angalia hapa. Unaona kadoa keupe kama chaki iliyopanguswa? Hiyo ni dawa tuliyomchoma mshipani ili mishipa ing'ae. Ingekuwa ndani ya mshipa. Iko nje. Hapa ndipo alipokuwa anavuja wakati yuko ndani ya mashine."

"Hilo limo kwenye ripoti."

"Limo. Sasa tuende kwenye lisilomo." Alirudisha slesi tano nyuma. Bandama ilikuwa imezungukwa, upande wa nje, na umbo la mwezi mwandamo, kijivu kilichofifia kuliko vilivyo jirani yake. "Hii ni damu iliyonaswa kati ya bandama na gamba lake. Mashine inatupa namba ya uzito wa kila kitu. Maji ni sifuri. Damu inayotoka sasa hivi ni kama arobaini. Ikiganda inapanda, inafika sitini, sabini. Ikikaa siku nyingi inaanza kuyeyuka, inashuka tena kuelekea kwenye maji."

Aliweka alama kwenye damu iliyotapakaa tumboni. Kioo kikaandika 42. Akaiweka kwenye bonge lililoshikamana na bandama: 66. Akaiweka kwenye mwezi mwandamo.

Kumi na tisa.

Inspekta aliisogelea namba ile. "Hii si ya jana."

"Si ya jana, si ya juzi. Huyu bwana alipasuka bandama zamani, damu ikazuiwa na gamba, akatembea nayo. Gamba linaweza kushikilia wiki nzima, wiki mbili, tatu. Halafu linaachia."

"Zamani ya lini?"

"Ngoja tuulize mifupa." Alibonyeza kitufe, na nyama zote zikapotea, ikabaki mifupa ikimeta. "Ubavu wa tisa, kushoto, kwa nyuma pembeni. Na wa kumi chini yake. Unaona ufa? Ungekuwa wa jana kingo zake zingekuwa kali kama kioo kilichovunjika. Hizi zimeshaanza kuviringika, na hapa pana ukungu mdogo. Huo ni mfupa mpya unajenga daraja. Wiki mbili na nusu hivi. Siku kumi ni chache mno, mwezi ni mwingi mno. Usiniombe tarehe."

"Ngumi inaweza kufanya hivi?"

"Ngumi inavunja sehemu moja. Hapa mbavu mbili zimevunjika katika mstari mmoja ulionyooka. Ni kitu kipana, kigumu, chenye ukingo. Kimekandamiza zaidi kuliko kupiga."

Inspekta aliandika. Kisha akaomba waende upande wa kulia, kwenye nyonga. Daktari alishuka slesi mia moja na zaidi. Chini ya ngozi ya nyonga ya kulia palikuwa na uvimbe mwembamba wa damu mbichi.

"Huu ndio wa jana," daktari alisema. "Ameangukia hapa. Kushoto hana hata alama moja mpya."

"Kwa hiyo kusukumwa hakukumuua."

Daktari alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani. "Afande, mimi nasoma picha, si roho za watu. Gamba lile lingeweza kuachia kwa kusukumwa. Lingeweza kuachia kwa kukohoa, au kwa kuinama kuvaa kiatu. Lakini njoo uone hapa." Alishuka mpaka kwenye bakuli la nyonga, mahali pa chini kabisa pa tumbo. Damu ilikuwa imejikusanya humo, na ilikuwa imejitenga matabaka mawili, jepesi juu, zito chini. "Damu haijitengi hivi kwa haraka, inahitaji muda wa kutulia. Ulisema ugomvi ulikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu. Picha ni saa tatu na arobaini."

"Dakika sabini. Hii imekaa zaidi. Muda wa saa tatu au nne, labda zaidi. Aliamka anavuja."

"Utaliandika hilo?"

"Nitaliandika kwa tahadhari zake zote, na nitasaini." Alizima kioo. "Nikuulize na mimi. Huyu mzee alikuwa analalamika bega?"

"Kwa nini?"

"Damu ikigusa kiwambo cha chini ya mapafu, maumivu yanapanda mpaka bega la kushoto. Mtu anashika bega, anapakwa dawa, anaambiwa amelala vibaya. Kumbe tatizo liko tumboni."

Inspekta aliikumbuka chupa ya dawa ya kuchua. "Angeletwa siku ile ile ya kwanza?"

"Angelazwa, angetazamwa, pengine hata asingepasuliwa. Kwa siku zote hizo, siku yoyote ambayo angeletwa kabla ya jana, ningekuambia alikuwa na nafasi nzuri."

*

Jirani alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima aliyeshona sare za shule kwenye baraza yake, hatua ishirini kutoka dirisha la sebule ya marehemu. Mbele yake palikuwa na rundo la kola zisizo na mashati.

"Nimeshamweleza huyu," alisema, akimwonyesha koplo kwa mkasi.

"Nieleze na mimi, mama. Maneno uliyoyasikia, kama yalivyotoka."

"Alisema 'utakufa leo'. Kwa sauti. Mimi sijawahi kumsikia kijana yule akipaza sauti, ndiyo maana nikanyanyua kichwa. Nikamwona amemkamata mzee kifuani, akamsukuma."

"Kumsukuma kuelekea wapi?"

Mama alifumba macho. "Kuelekea mlangoni. Mzee akashikilia mlango. Wakavutana. Mzee akaponyoka akaangukia ndani."

"Na baada ya 'utakufa leo' hakusema kitu?"

"Alisema. Alisema 'utakufa leo, na mimi nitamwambia nini?'"

Inspekta alimgeukia koplo. Koplo alipekua daftari lake. "Niliandika la kwanza, afande. La pili sikuona maana yake."

"Anayetishia kuua haulizi atakachosema baadaye," inspekta alisema.

Mama aliweka mkasi chini. "Alikuwa anambembeleza?"

"Binti yuko ndani?"

"Yuko. Amerudishwa jana kutoka shule anakofundisha, tangu hapo hajatoka. Mimba ya miezi saba ile, na mbili zilishatoka."

"Nitarudi baadaye kuzungumza naye. Nikirudi nitaomba uje ukae karibu yake."

"Mimi? Mimi ndiye niliyemkamatisha mumewe."

"Najua, mama. Lakini humu mtaani ni wewe unayemjua tangu mtoto."

Kabla ya kuondoka, inspekta aliingia uani kwa marehemu. Pikapu ya kazi ilikuwa imerudishwa na polisi, nyuma yake ikitazama geti. Nguzo ya kushoto ya geti ilikuwa ya saruji iliyochakaa, isipokuwa kiraka kimoja cha ukubwa wa sinia, kipya, ambacho kilikuwa hakijapakwa chokaa. Alitoa futi ya kupimia. Kiraka kilianzia sentimita mia na mbili kutoka ardhini. Ukingo wa juu wa mlango wa nyuma wa pikapu ulikuwa sentimita mia na tano.

"Koplo, una urefu gani?"

"Mia na sitini na sita."

"Mzee alikuwa na mia na sitini na tano. Simama hapa, ubavu wa kushoto kwenye gari."

Koplo alisimama. Ukingo wa chuma ulimgusa kwenye mbavu za chini, kwa nyuma kidogo. Inspekta alihesabu mbavu zake kwa kidole kutoka chini kwenda juu, koplo akijizuia kucheka kwa mtekenyo. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi. Tisa.

Koplo hakuwa anacheka tena.

*

Saa sita mchana inspekta aliweka picha moja iliyochapwa mbele ya mkwe.

"Ubavu wa tisa wa baba mkwe wako. Na wa kumi. Kushoto. Zilivunjika wiki mbili na nusu zilizopita. Wewe jana ulimwangusha kulia."

"Sijui kusoma picha."

"Hata mimi nimefundishwa leo asubuhi. Nguzo ya geti umeiziba lini?"

Alishusha mikono yake chini ya meza.

"'Utakufa leo, na mimi nitamwambia nini?' Ungemwambia nani?"

Mkwe aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesoma orodha.

"Siku ile ilikuwa Jumamosi. Mzee alikuwa anamfundisha mke wangu kuendesha. Alisema hawezi kufa na binti asiyejua gari, watu watamcheka. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta nyuma ya nyumba, ameketi juu ya ndoo, hawezi kuvuta pumzi. Akaniambia, 'Nilisimama nyuma kumwongoza, akakosea pedali, akanibana kwenye nguzo. Nimemwambia amegonga nguzo tu. Na wewe utamwambia hivyo hivyo.'"

"Ukakubali."

"Mimba mbili zimetoka, afande. Ya pili ilitoka wiki tuliyomzika mama yake. Mzee alisema, 'Akijua amenivunja mbavu, na hii itatoka.' Nikasema twende hospitali kimyakimya. Akasema hospitali watauliza amegongwa na nini, na yeye hatamdanganya daktari. Kila siku nilimwambia. Kila siku alisema bega tu, litapona."

"Jana?"

"Jana mke wangu aliondoka saa moja. Mzee alijikaza mpaka akatoka. Kisha akatapika, na midomo ilikuwa myeupe. Nikamwambia, 'Nakubeba twende hospitali.' Akang'ang'ania mlango. Nikamsukuma. Hilo ni kweli, nilimsukuma."

"Kwa nini hukusema haya jana?"

"Niache humu, afande. Miezi miwili tu. Mtoto azaliwe kwanza, halafu nitasema yote, nitasaini popote."

"Jalada likiondoka saa tisa kama lilivyo, ni mauaji. Halirudi baada ya miezi miwili kwa sababu umekumbuka jambo."

"Basi liondoke."

"Haliwezi kuondoka kama lilivyo na picha hii ndani yake. Na picha siwezi kuitoa." Inspekta alikusanya karatasi. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mzee."

"Kwa hiyo ni wewe peke yako."

*

Binti alifungua mlango mwenyewe. Macho yake yalikuwa makavu na alikuwa amevaa shati la mumewe, ambalo vifungo vyake vya chini havikufika. Fundi cherehani aliingia nyuma ya inspekta na kuketi ukingoni mwa kochi. Binti alimtazama kwa muda, kisha akamsogezea mto wa kuegemea.

"Dada, nina maswali machache," inspekta alisema. "Ukichoka tunasimama."

"Uliza."

"Baba alianza kuumwa bega lini?"

"Ni wiki mbili na zaidi sasa. Nilikuwa namchua kila jioni. Alisema amelala vibaya."

"Mara yako ya mwisho kuendesha pikapu ilikuwa lini?"

"Jumamosi moja, ile niliyogonga nguzo. Baada ya hapo alisema tupumzike kwanza."

"Nieleze siku hiyo."

Alieleza kwa mpangilio, kama mwalimu anayewaeleza watoto wa chekechea. Alikuwa anarudi nyuma kutoka uani. Baba alikuwa nyuma anamwongoza kwa mkono. Alimwona kwenye kioo cha kushoto. Kisha hakumwona. Alitaka kukanyaga breki, gari likaruka, akasikia kishindo.

"Kisha?"

"Baba akapiga bodi ya gari kwa kiganja, mara mbili, akasema 'breki'. Nikasogea mbele. Nikataka kushuka, akasema nisishuke, nimegonga nguzo tu, nizime gari niingie ndani nikanywe maji."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya chini. Baba hajawahi kusema breki kwa sauti ya chini."

Binti aligeuza kichwa kuelekea dirishani, ambako geti lilionekana, na nguzo, na kiraka. Inspekta alimwona akipima umbali kwa macho, kutoka gari hadi nguzo, kisha akiinua mkono wake wa kulia taratibu na kuuweka kwenye ubavu wake mwenyewe wa kushoto.

"Nafasi ile," alisema. "Kama nguzo ilipasuka, yeye alikuwa wapi?"

Fundi cherehani alimshika mkono. Inspekta alieleza kilichoonekana kwenye picha, kwa maneno machache: mbavu mbili, damu ya zamani, gamba lililoachia alfajiri ya jana. Hakuongeza wala kupunguza. Binti alisikiliza akiwa amefumba macho, na machozi yalipoanza kutoka hakuyafuta.

Baada ya dakika kumi hivi aliuliza, "Mume wangu alijua?"

"Alijua."

"Na amekubali kushtakiwa kwa mauaji?"

"Aliomba tumwache ndani mpaka ujifungue."

Alipumua kwa mdomo mara kadhaa, mkono juu ya tumbo. Fundi cherehani aliuliza kama anaumwa. Alitikisa kichwa.

"Anacheza tu," alisema. Akasimama kwa kujisukuma na mikono. "Maelezo nayatoa hapa au kituoni?"

"Naweza kuyachukua hapa hapa."

"Twende kituoni. Nataka niandike kwa mkono wangu."

*

Aliandika kurasa mbili, mwandiko mkubwa wa ubaoni, bila kufuta neno. Sentensi ya kwanza ilisema: Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Inspekta aliyasoma, akayaweka juu ya ripoti mpya ya daktari wa picha, pamoja na vipimo vya nguzo na maelezo ya jirani yaliyorekebishwa. Kwenye ukurasa wa mapendekezo aliandika kwamba kifo kilitokana na ajali ndani ya ua wa nyumba na kwamba haoni sababu ya kumshtaki mtu yeyote. Uamuzi ungekuwa wa mwendesha mashtaka. Mtuhumiwa aachiwe kwa dhamana yake mwenyewe leo hii. Saa nane na dakika hamsini koplo alilichukua jalada na kutoka nalo.

Mkwe aliletwa kaunta. Alimwona mkewe kwenye benchi, akasimama pale alipokuwa.

"Umewaambia," mkewe alisema, "au wamejua?"

"Wamejua."

Mkewe alimgeukia inspekta. "Angeletwa siku ile ile, angepona?"

Inspekta alikuwa na kalamu mkononi. Aliifunga kifuniko. "Daktari anasema angekuwa na nafasi nzuri."

"Na siku ya pili? Na wiki iliyofuata?"

"Siku yoyote kabla ya jana."

Binti aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea namba na kuiandika mahali. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu. "Siku kumi na saba," alisema. "Ulikaa nayo siku kumi na saba, na mimi namchua bega."

"Alinikataza."

"Na ukamsikiliza."

"Nilimsikiliza."

Askari wa zamu alisogeza daftari mbele yao, mkwe akasaini kuchukua mkanda wake na simu yake. Sahihi yake ilivuka mstari. Mkewe alisubiri mpaka amalize. Kisha akajiinua kutoka kwenye benchi.

"Mochwari wanafunga saa kumi," alisema. "Twende tukamchukue baba."

Alitangulia kutoka. Kwenye ngazi za nje, ambazo zilikuwa tatu na zenye mwinuko, alisimama bila kugeuka na kunyoosha mkono nyuma yake, mpaka mumewe alipofika na kuushika.